Miji saba, siku kumi, na mjomba hajui

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 28. Nina shoga yangu niliyesoma naye tangu kidato cha kwanza, na mwaka wa tatu sasa tunaweka fedha kwenye kikoba kwa jambo moja tu: kwenda Ulaya. Si kuzamia wala kutafuta wachumba wa Kizungu kama wanavyosema mtaani. Tunataka kwenda, tuone, turudi. Juni shule zikifungwa nitapata siku kumi kamili za kukaa huko, ukiondoa siku za ndege. Fedha ya kutumia, tiketi ya ndege ikiwa pembeni, ni kama euro 1,500 kila mmoja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, anaishi Berlin, huu mwaka wa ishirini. Ana mke Mjerumani na watoto wawili. Yeye ndiye aliyetusainia karatasi ya udhamini, mimi na shoga yangu wote, ili tuombe viza ubalozi wa Ujerumani. Miadi yetu ni wiki tatu zijazo. Tiketi ya ndege hatujalipia, tumeshikilia nafasi tu.

Tatizo ni orodha. Shoga yangu ameitengeneza kutokana na video anazotazama usiku. Berlin tulale mara moja, Amsterdam mara moja, Paris mara mbili, London mara moja, Barcelona mara moja, Roma mara moja, Prague mara moja, na mara mbili tulale kwenye basi ili tuokoe hela ya malazi. London anasema si lolote, ukiwa Paris ni kuvuka maji tu, kama kutoka Pangani kwenda Bweni kwa kivuko. Nachoka nikiiangalia tu hiyo orodha. Nilipomwambia tupunguze, akanijibu: “Wewe unataka kwenda Ulaya kukaa kibarazani kwa mjomba wako.” Tukanuniana siku nne.

Kwenye fomu za viza anataka tuandike Berlin siku zote kumi, maana tukishaingia nani atatufuata? Mjomba sijamweleza bado kuhusu miji mingine. Mama naye amesikia kwamba kwenye hosteli wanalala wanaume na wanawake chumba kimoja, sasa hataki hata kulisikia neno hosteli. Na begi: shoga yangu anasema lazima liwe la mgongoni, mimi nina sanduku langu zuri la magurudumu.

Miji mingapi inatosha? Na nimwambieje mwenzangu bila kuvunja urafiki wa miaka yote hii?

Mwalimu wa Chumbageni, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilihesabu miji. Mara ya pili nikamtafuta mjomba, nikamkuta amejibanza kwenye sentensi moja: “Mjomba sijamweleza bado.” Ugomvi wenu ulianzia hapo, Barcelona haijaingia bado.

Hiyo karatasi ya udhamini unajua ilivyopatikana? Kwa Wajerumani mtu haandiki tu barua ya kuwakaribisha wageni akapiga sahihi. Anakwenda ofisi ya wageni na hati zake za mshahara, wanapima kama kipato chake kinaweza kubeba watu wengine juu ya familia yake, kisha anasaini kwamba mkiishiwa ni juu yake, mkiugua na bima ikagoma ni juu yake, na ikibidi mrudishwe nyumbani kwa nguvu, nauli hiyo nayo ni juu yake. Amefanya hivyo kwa ajili yako, mtoto wa dada yake, na kwa ajili ya binti wa watu ambaye pengine hajapata hata kumwona. Halafu ninyi mnapanga kulala kwake mara moja, kama abiria anayeshuka Chalinze kununua maji.

Tena hata sheria yenyewe haiko upande wa orodha yenu. Viza ya Schengen, ile viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo huangaliwa nchi mtakayoingilia kwanza. Hebu hesabu: Berlin mara moja, Paris mara mbili. Kwa orodha hiyo mlipaswa kwenda kwa Wafaransa, na karatasi ya mjomba ingebaki ya kufungia vitumbua. Shoga yako ameliona hilo, ndiyo maana anataka fomu iandikwe Berlin siku zote kumi. Mwambie hapana, na hapo usimung'unye maneno. Kubadili siku moja mbili ukiwa njiani hakuna anayekugombeza. Kujaza safari ya uongo tangu mwanzo ni jambo lingine, na viza iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa hata ukiwa uwanja wa ndege umeshika begi. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza unalala wapi, unarudi lini na una shilingi ngapi, hata kama viza imeshabandikwa. Na hilo la “nani atatufuata”: tangu Oktoba 2025 wameanza kuandikisha wageni wa muda mfupi kwa alama za vidole na picha, tarehe ya kuingia na ya kutoka zinakaa kwenye kompyuta badala ya muhuri. Anayewafuata ni hiyo.

London ifuteni leo. Uingereza haimo kwenye Schengen, ina viza yake, fomu zake na ada yake. Tena tazama ile stika ya viza mkiipata: kuna sehemu inayoonyesha mnaruhusiwa kuingia mara ngapi. Ikiandikwa 01, ukitoka kwenda London umeshatumia ruhusa yako, Paris hurudi. Kivuko cha Pangani hakina mambo hayo. Wakaguzi wa Uingereza wenyewe wanakusubiri palepale stesheni ya Gare du Nord, Paris, kabla hujapanda treni, kwa hiyo mngerudishwa hata hamjaondoka. Na maji anayoyasema asingeyaona, maana treni inapita chini ya bahari, kwenye tundu la kilomita 50.

Sasa tuje kwenye saa, maana shoga yako amehesabu miji, wewe umehesabu uchovu, saa hakuna aliyezihesabu.

Hosteli nyingi zinakutoa kitandani saa nne au saa tano asubuhi. Unakokwenda hawakupi kitanda mpaka saa tisa alasiri. Katikati hapo wewe ni mtu wa barabarani, una begi, unatafuta choo, na choo cha stesheni kwa Wajerumani unaweza kulipia euro nzima. Kila mnapohama mji, nusu siku imekwenda hata kama miji yenyewe iko jirani. Orodha yenu ina kuhama mara saba, ukihesabu na kurudi Berlin kupanda ndege. Toa siku tatu na nusu kwenye kumi, kisha ongeza safari zenyewe.

Zile tiketi za ndege za euro 20 zilizomlevya mwenzako nazo nazijua. Bei hiyo ni ya mwili wako na kibegi cha kuingia chini ya kiti. Begi kubwa unalipia, na ukilipia pale mlangoni unaweza kulipa zaidi ya tiketi. Halafu uwanja. Kuna uwanja unauzwa kama wa Paris lakini uko Beauvais, kama kilomita 85 kutoka mjini. Ni kama uambiwe unashuka Tanga, ushushwe karibu na Korogwe. Basi la kukuingiza mjini linataka nauli yake na saa moja na robo. Tena baadhi ya mashirika hayo yanataka sisi wenye pasi za nje tupite kaunta hati zikaguliwe, hata kama tiketi iko kwenye simu. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi maana yake umeamka saa nane usiku. Huo mji ulioacha kitanda chake saa nane usiku, umelala hapo au umepumzika?

Basi la usiku nitalisimulia, maana lilinifunza mambo mawili kwa mpigo.

Mwaka juzi nilikuwa Prague, natakiwa kurudi Berlin kwa binti yangu. Tiketi imeandikwa tarehe 14, saa 00:20. Nikazunguka mji mchana wote wa tarehe 14, nikala, jioni nikaburuta sanduku langu la magurudumu, zuri kama lako, juu ya yale mawe ya barabarani ya Prague. Ka-ka-ka-ka-ka, mtaa mzima unageuka kunitazama, mpaka gurudumu moja likang'oka karibu na kituo. Nikafika na nusu saa mkononi, nikajipongeza. Kijana wa pale akatazama tiketi, akanitazama mimi, akaninyooshea kidole kwenye tarehe. Basi langu lilikuwa limeondoka jana yake. Saa 00:20 ya tarehe 14 ni usiku wa kuamkia tarehe 14, mwanangu! Sisi tunaoanza siku magharibi ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo. Lakini macho yaliona “14”, moyo ukatulia. Tiketi zenu zote ziandikeni upya kwenye daftari kwa saa zetu na kwa maneno: “Jumamosi, saa saba na dakika nne mchana.” Ikiwa ya usiku wa manane, andika “usiku wa kuamkia”.

Nikanunua tiketi nyingine. Basi likaondoka, nikasinzia. Tulipovuka tu kuingia Ujerumani likaegeshwa pembeni, taa zikawashwa, wakapanda polisi wawili. Watu wanadhani Schengen haina mipaka. Tangu Septemba 2024 Wajerumani wamerudisha ukaguzi kwenye mipaka yao yote ya nchi kavu, na kwenye basi la watu weupe wewe na mimi hatuhitaji kunyoosha mkono ili tuonekane. Pasi yangu ilikuwa wapi? Kwenye sanduku. Sanduku liko wapi? Ndani ya buti la basi, chini ya mabegi ya watu arobaini. Dereva akashuka na tochi, abiria wanapiga miayo, mimi nimepiga magoti kwenye lami natafuta pasi kati ya nguo za ndani, polisi amesimama juu yangu kwa adabu kabisa. Hakuwa na ubaya wowote. Ila aibu ile mpaka leo nikiikumbuka nasikia joto masikioni. Pasi inakaa mwilini, chini ya nguo, mchana na usiku, hata mkienda kununua mkate. Nakala ya kwenye simu ni ya kukusaidia ikipotea, polisi wa mpakani hataki nakala.

Umeniuliza miji mingapi. Mitatu: Berlin mlale mara tano, Amsterdam mara mbili, Paris mara tatu.

Mnakwenda upande mmoja tu, hamrudi nyuma. Kwa kuwa ndege hamjalipia, ombeni tiketi ya kuingilia Berlin na kutokea Paris. Shirika likiwa lilelile, mara nyingi bei haitofautiani sana, na mmeokoa siku nzima. Berlin hadi Amsterdam kuna treni ya moja kwa moja, saa sita hivi, mnakula mlichofungashiwa na mke wa mjomba. Amsterdam hadi Paris ni saa tatu na dakika ishirini. Nchi zote tatu zinatumia euro, hakuna kwenda kubadilisha fedha kwa watu wa vichochoroni. Laini moja ya simu ya huko inawatosha. Na Ujerumani siku tano, Ufaransa tatu: viza ya mjomba inakuwa ya kweli.

Tiketi za treni zinunueni mara tu viza ikitoka, kwa sababu treni za mwendokasi zinauzwa kama ndege, kadiri siku inavyokaribia ndivyo bei inavyopaa. Ile pasi ya treni ya Ulaya nzima, Eurail, ambayo najua mwenzako atakuja kuitaja, ni nzuri kwa anayezunguka mwezi. Kwa safari mbili ni hasara, na kwenye treni hiyo ya Paris bado utalipia nafasi ya kukaa.

Amsterdam kitanda kitawauma. Jiji linatoza wageni asilimia 12.5 juu ya bei ya malazi, na Juni bei yenyewe iko juu. Mkiona hesabu inagoma, wekeni Brussels mahali pake, Paris kutoka hapo ni saa moja na nusu haitimii. Kwa siri mimi ningechagua Brussels hata bila kusukumwa na hela. Kuna mtaa wa Wakongo unaitwa Matonge, saluni za kusuka zimepangana, mnapigiwa Lingala kila kona, na ukisimama vya kutosha unaokota Kiswahili cha Lubumbashi. Lakini najua mifereji ya Amsterdam ipo kwenye picha za shoga yako. Sigombani.

Sasa Berlin, maana hapo nitasema kidogo zaidi. Wewe ni mtu wa Tanga. Unajua kwamba Berlin kuna mtaa wa Tanga? Mwambie mjomba awapandishe treni ya chini ya ardhi, mstari wa U6, mshuke Afrikanische Straße, huko Wedding. Kuna Tangastraße, kuna Usambarastraße, kuna Sansibarstraße. Ni nyumba za ghorofa za kawaida, watu wameanika nguo, mtoto anapita na baiskeli, na juu ya nguzo limeandikwa jina la kwenu. Zimepewa majina hayo na watu waliojiona wana mali Afrika. Jirani hapo palikuwa na barabara ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani wazee waliyemwita Mkono wa Damu. Baada ya mabishano ya miaka, Agosti 2024 jina hilo likaondolewa, na kipande kimoja cha barabara sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Umewafundisha watoto vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, mara ngapi ubaoni? Piga picha hiyo uipeleke darasani.

Siku nyingine nendeni makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, ila isiwe Jumatatu maana wamefunga. Ukiingia ukumbi wa kwanza unakutana na mjusi mkubwa kuliko akili, mifupa imesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ametoka Tendaguru, Lindi. Walimchimba kati ya 1909 na 1913, na mifupa ililetwa pwani vichwani na mabegani mwa wapagazi wetu, mwendo wa siku kadhaa kila safari. Mimi nilikaa kwenye benchi pale nikatazama mguu mmoja tu, nikawawazia wale watu. Na mkiwa na nguvu, barabara ya Brunnenstraße kuna kijiwe cha shaba kimepachikwa chini, kidogo kama kiganja, cha kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Mtu anapita juu yake bila kujua. Ninyi mtajua.

Mbali na hayo kuna Lango la Brandenburg, kuna kipande cha ukuta kilichochorwa kando ya mto, kinazidi kilomita moja, bure. Kuba la kioo juu ya bunge nalo bure, lakini mnaandikisha majina mapema. Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mchana ni mrefu, na magharibi mtaisubiri mpaka mchoke. Mji huo ndio mwenzako anataka kuupa usiku mmoja.

Lakini shoga yako ana haki moja, na usimnyime. Anaogopa kwamba atakwenda Ulaya na kurudi akiwa ameona sebule ya mjomba wako. Ni kweli inatokea! Unafika, unaandaliwa chai, unatolewa albamu za picha, siku tatu zimekwisha. Kwa hiyo pangeni tangu nyumbani: siku mbili za Berlin ni za familia, tatu mnatoka asubuhi mnarudi jioni. Na Paris mpe yeye aishike. Apange kila kitu, wewe ufuate bila kunung'unika, hata akikusimamisha Trocadéro saa nzima kutafuta picha ya mnara wa Eiffel. Mkumbushe tu kwamba makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na kwamba kanisa la Notre-Dame limefunguliwa tena tangu Desemba 2024, kuingia hakulipiwi. Mkichoka na mikate nendeni Château Rouge, mtakuta ndizi za kupika, mihogo na bamia zimewekwa nje kama sokoni kwetu.

Kuongea naye, usianze na “Bi Mkubwa kasema”. Wala usijifiche nyuma ya sheria za viza, ingawa zinakusaidia. Kaa naye na karatasi na kalamu, mwachie orodha yake yote saba (sita, London imekufa), na muulize kitu kimoja kwa kila mji: tutatoka kitandani saa ngapi, tutaingia kitanda kingine saa ngapi? Aandike yeye kwa mkono wake. Wewe nyamaza. Akifika Roma kalamu itakuwa imeshakuwa nzito. Halafu ndipo umwambie lile uliloniandikia mimi na hujamwambia yeye, kwamba unachoka ukiiangalia tu. Kwenye siku nne za kununiana inaelekea mlibishana kuhusu Barcelona tu, na neno hilo halikutoka.

Mwambie mama kwamba hosteli nyingi zina bweni la wanawake peke yao. Mnalichagua wakati wa kulipia, linaweza kuzidi bei kidogo. Chukueni kufuli lenu, maana kabati lipo lakini kufuli utaambiwa ununue. Na kanga doti mbili. Kanga moja ukiichomeka chini ya godoro la juu inakuwa pazia la kitanda cha chini, nyingine ni taulo inayokauka kabla hujamaliza kupiga mswaki. Nimewaona Wazungu wakiitazama kanga yangu kwa wivu bwenini.

Begi, hapo mwenzako kashinda. La mgongoni, lita 40, lisizidi kilo nane likijaa. Paris stesheni za chini ya ardhi ni ngazi juu ya ngazi, na nyumba za Amsterdam ngazi zake utadhani unapanda mnazi. Sanduku lako zuri mwachie mama aweke vitenge.

Hela: mkilala kwa mjomba mara tano, kila mmoja analipia vitanda vitano tu, mwisho. Tengeni euro 200 kila mmoja zisizoguswa. Ada ya viza ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000 za matibabu, hizo mtoe kabla hamjagawa nyingine. Berlin Jumapili maduka yanafungwa, nunueni Jumamosi. Chupa za plastiki za maji msitupe: mnaponunua mmeweka amana ya senti 25, mnairudisha kwenye mashine ya dukani, inaimeza chupa na kuwatolea karatasi ya hela. Siku ya kwanza mtaona aibu, siku ya tatu mtaanza kuziokota.

Zawadi za mjomba: usibebe nyama wala maziwa ya aina yoyote, forodha ya Ulaya hairuhusu. Machungwa ya Muheza nayo yabaki Muheza, matunda yanadaiwa cheti. Lakini nazi haidaiwi cheti, mjifungashie hata nne, pamoja na korosho, majani ya chai na kanga ya mke wake. Mtu aliyekaa Berlin miaka ishirini, nazi ya kukuna kwa mkono atailia machozi.

Na yote haya yanasubiri simu moja. Mpigie mjomba leo, kabla hujakaa na shoga yako. Msomee orodha ya zamani yote, usiifiche, kisha hii mpya, halafu muulize yeye anaonaje. Wakati wa kiangazi wao wako nyuma yetu saa moja, majira ya baridi saa mbili, na kwenye nyumba ya Mjerumani chakula cha jioni kina saa yake na hakisubiri simu. Mpe nafasi wale kwanza. Ukipiga saa nne usiku ya Tanga utamkuta ameshatoa vyombo mezani.